Hesabu Nukta, Siyo Inchi

Anayefika Kariakoo jijini Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kutafuta kioo cha kompyuta yake ya mezani hukutana na kishawishi kabla hajauliza bei. Upande mmoja zimepangwa runinga mpya za inchi 32, nyembamba, zote zimewashwa na zinaonyesha samaki wa rangi na maporomoko ya maji. Upande wa pili, mara nyingi sakafuni au kwenye rafu ya nyuma, kuna monita za mtumba zilizotolewa maofisini ng'ambo: za inchi 19 au 22, fremu zimechubuka, na hakuna aliyehangaika kuziwasha. Runinga ina spika, ina rimoti, ina tundu la HDMI la kuchomeka kompyuta, na jioni itaonyesha taarifa ya habari. Monita haijui kazi nyingine ila kusubiri kompyuta iiambie nini cha kuonyesha. Mnunuzi ana haki ya kujiuliza: kwa nini nitoe pesa kwa kioo kidogo wakati kikubwa kipo?

Swali hilo lina kosa dogo ndani yake, na ndilo linalowagharimu watu. Inchi ni urefu wa mstari kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Inaeleza ukubwa wa ubao. Haielezi ubao huo umeandikwa kwa chaki ya unene gani. Picha ya kioo cha siku hizi hujengwa kwa nukta, ambazo mafundi huziita pikseli, na idadi yake imefungwa kiwandani. Hakuna waya wala rimoti itakayoongeza hata moja. Runinga nyingi za inchi 32 za bei ya chini, zile ambazo boksi lake limeandikwa HD, zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Zidisha, unapata 1,049,088. Sasa chukua ile monita ya zamani ya inchi 19 yenye umbo linalokaribia mraba, iliyojaa maofisini miaka ya 2000. Ina nukta 1280 kwa 1024, yaani 1,310,720. Kifaa cha mtumba kilichowekwa sakafuni kina nukta nyingi kuliko runinga mpya inayong'aa ukutani, na kwa kimo kinaizidi kwa theluthi nzima. Kwa mtu anayechapa barua, anayejaza jedwali la mahesabu au anayesoma kurasa ndefu, kimo ndicho mali, kwa sababu maandishi hushuka kwenda chini. Theluthi hiyo ni mistari ya ziada ya kazi anayoiona bila kuvuta ukurasa juu na chini.

Lakini idadi peke yake haitoshi kumaliza hoja. Inabidi tuulize pia mtu amekaa wapi, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Jicho zima lina mpaka wake: huweza kutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya digrii, kipimo ambacho ndicho msingi wa ubao wa herufi unaoning'inia kwenye kliniki za macho. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi mita tatu kutoka ukutani, mpaka huo ni sawa na milimita 0.87. Nukta moja ya runinga yetu ya inchi 32 ina upana wa milimita 0.52. Akiwa kochini hawezi kuziona moja moja. Zinaungana na kuwa sura ya mtu, jani la mti, nyasi za uwanjani. Runinga inafanya hasa kile ilichotengenezewa. Mhamishe mtu huyohuyo mezani, sentimita 60 kutoka kwenye kioo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Mpaka wa jicho lake sasa ni milimita 0.17, na nukta zile za milimita 0.52 zimekuwa kubwa mara tatu ya kile anachoweza kukitenganisha. Anaona ngazi kwenye kila mkunjo wa herufi. Herufi ya S inakuwa na meno kama msumeno. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta za milimita 0.28, ile ya mtumba ya inchi 19 ina za milimita 0.29. Nazo hazijafikia mpaka wa jicho, lakini zimeukaribia kiasi cha herufi kuonekana kama zimepigwa chapa.

Ndiyo maana nasema tofauti kati ya runinga na monita ni ya umbali kabla haijawa ya ubora. Runinga ni chombo cha kutazama kutoka mbali. Monita ni chombo cha kusoma kwa karibu. Mtu akiniambia kwamba runinga yake ni nzuri sana, namwamini, kwa kuwa anaitazama akiwa kochini.

Historia ya kompyuta za nyumbani inalithibitisha hili vizuri kuliko tangazo lolote. Nyingi kati ya kompyuta za kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida hazikuja na kioo. Ziliunganishwa na runinga ya familia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Apple II ya mwaka 1977, ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64, hizi mbili zikiwa za mwaka 1982. Runinga za wakati ule, zile ambazo leo tunaziita za chogo, hazikuweza kuonyesha maandishi membamba bila kuyavuruga. Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kunenepesha herufi: Apple II na Commodore 64 zilikuwa na nafasi 40 za herufi kwa mstari, na Spectrum nafasi 32 tu. Mstari wa taipureta kwenye karatasi ya A4 una herufi 65 au zaidi. Barua ya kawaida haikuenea kwa upana kwenye kioo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya ofisini mwaka 1981, iliuza pamoja nayo monita ya rangi moja, bila picha nzuri wala rangi za kupendeza, lakini yenye nafasi 80 kwa mstari na mistari 25. Ofisi ziliichagua hiyo yenye kijani kitupu, zikaacha rangi zibaki kwa watoto wanaocheza michezo sebuleni. Hazikufanya hivyo kwa ushamba. Zilikuwa zinasoma.

Atatokea mtu hapa aseme kwamba hayo ni mambo ya chogo, na kwamba leo runinga na monita zote ni vioo bapa vya aina moja, pengine hata vimetoka katika viwanda vilevile. Kuhusu kioo chenyewe amesema kweli kwa sehemu kubwa. Kinachotofautiana ni kile kinachotokea kati ya waya na kioo. Monita hupokea nukta kutoka kwenye kompyuta na kuziweka mahali pake, moja kwa moja, bila kuuliza. Runinga haifanyi hivyo mpaka ilazimishwe. Ndani yake kuna kifaa chenye kazi ya kuremba picha, na hudhani kila kinachoingia ni filamu au mpira.

Urembaji wa kwanza ni kukata kingo. Runinga za chogo zilipozeeka, au umeme uliposhuka, picha ilisinyaa na kuacha ukanda mweusi pembeni. Dawa ya watengenezaji ilikuwa kuikuza picha kidogo ipite mipaka ya kioo, na vituo vya matangazo vikazoea kutoweka maandishi karibu na ukingo. Chogo zimekwisha, lakini tabia imerithiwa: runinga nyingi bapa, zikichomekwa kompyuta, bado huikuza picha kwa asilimia chache. Kwenye filamu hakuna anayegundua. Kwenye kompyuta, saa iliyo pembe ya chini inakatwa nusu, na kitufe cha kufungia dirisha kilicho pembe ya juu kinapotea. Baya zaidi ni lile lisiloonekana haraka: picha ikishakuzwa, nukta moja ya kompyuta haikai tena juu ya nukta moja ya kioo, inasambaa juu ya mbili, na kila herufi inapata ukungu kuanzia mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Hali ni hiyohiyo pale runinga yenye nukta 1366 kwa 768 inapoiambia kompyuta kwamba inaweza kupokea 1920 kwa 1080. Inapokea kweli, kisha inaibana picha iingie pasipotosha. Mwenye kompyuta anasoma namba kubwa kwenye mipangilio yake na kuamini kwamba anaziona nukta zote hizo.

Urembaji wa pili unahusu rangi. Jicho la binadamu ni kali kwa mwanga na giza, lakini si kali hivyo kwa rangi, na wahandisi wa matangazo wameutumia udhaifu huo kwa miaka mingi ili kupunguza mzigo wa mawimbi: nukta nne hubeba kila moja mwanga wake, lakini zote zinagawana rangi moja. Ni akili nzuri sana. Uso wa mtangazaji hauharibiki hata kidogo. Runinga nyingi huendelea kuichakata picha kwa njia hiyo hata inapotoka kwenye kompyuta, na hapo maandishi mekundu juu ya bluu yanachuruzika kama wino kwenye karatasi mbichi. Maandishi meusi juu ya nyeupe huumia kidogo pia, kwa sababu Windows hutumia vipande vya rangi ndani ya kila nukta kulainisha kingo za herufi, na vipande hivyo ndivyo vinavyochanganywa. Juu ya hayo runinga huongeza makali ya kubandika, mstari mweupe hafifu kuzunguka kila kitu cheusi, ili picha ya filamu ionekane kali. Herufi zikizungukwa na mstari huo huchosha macho mapema, na mchapaji anaanza kulaumu miwani.

Kisha kuna kuchelewa. Kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde zipatazo 17. Kuremba kunahitaji muda, na runinga iliyo katika hali ya kawaida inaweza kuzizuia picha kadhaa kabla ya kuzionyesha. Anayetazama sinema hajui lolote, maana sauti nayo imecheleweshwa iende sawa. Anayesukuma kipanya anaona mshale ukiufuata mkono wake kwa uvivu.

Anayetetea runinga ana jibu kwa haya yote, na ni jibu la kuheshimiwa: mipangilio ipo. Kweli ipo. Katika runinga nyingi mtu anaweza kuupa mlango wa HDMI jina la PC, au kuchagua hali ya michezo, na sehemu kubwa ya urembaji ikazimika. Sehemu ya ukubwa wa picha, ambayo kampuni moja huiita "Just Scan" na nyingine ikaiita jina jingine, huondoa ule ukataji wa kingo. Mizani ya makali inaweza kushushwa hadi herufi zitulie. Aliye na runinga tayari na hana pesa ya kifaa kingine asinunue chochote kabla hajajaribu hayo, kwa sababu dakika kumi za rimoti zinaweza kumpa runinga tofauti kabisa. Lakini mipangilio huondoa kilichoongezwa, haileti kilichokosekana. Runinga ya inchi 32 yenye nukta milioni moja, ikishasafishwa urembo wote, itabaki na nukta milioni moja zenye upana wa nusu milimita.

Hoja nyingine hutolewa kwa nia njema kabisa kuhusu watu wazima ambao macho yao yameanza kuchoka: wanunulie runinga, herufi zitakuwa kubwa. Zitakuwa kubwa kweli. Hata hivyo, ukubwa wa herufi ni jambo ambalo kompyuta yenyewe inaweza kulipanga, kwa asilimia 125 au 150, kwenye kioo chochote. Tofauti ni kwamba kwenye monita yenye nukta nyingi herufi iliyokuzwa inachorwa upya kwa nukta zaidi na kingo zake zinazidi kuwa laini, wakati kwenye runinga ya nukta chache herufi imekuwa kubwa kwa kuwa kila tofali lake ni kubwa. Jicho lililochoka linahitaji ukubwa na usafi wa herufi kwa pamoja.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulipinga, nalo ni la chumba kimoja. Mwanafunzi wa chuo au kijana aliyeanza maisha, mwenye meza, kitanda na soketi mbili, hana mahali pa kuweka vioo viwili wala pesa ya kuvinunua. Kwake kioo kimoja kitakachofanya kazi mchana na kuonyesha mechi usiku kina mantiki, na ni runinga pekee inayokuja na spika zake na uwezo wa kupokea matangazo. Nitamshauri jambo moja tu: atafute ya inchi 32 yenye nukta 1920 kwa 1080, ambayo ipo sokoni ingawa inabidi kuiuliza, na meza aiweke mbali kidogo na ukuta. Nukta zake ni za milimita 0.37. Akikaa mita moja, ambapo mpaka wa jicho ni milimita 0.29, ataisoma bila taabu kubwa. Darasani na kwenye chumba cha mikutano, ambako msomaji wa karibu yuko mita mbili au tatu, sina hata la kujadili: ni runinga.

Na zipo runinga zinazovunja kanuni yangu, nazo ni za 4K, zenye nukta 3840 kwa 2160. Kwenye kioo cha inchi 43 kila nukta ni milimita 0.25, ndogo kuliko ya monita ya inchi 24. Nukta zote pamoja ni 8,294,400, sawa na monita nne za 1920 kwa 1080 zilizopangwa mbili juu na mbili chini bila fremu katikati. Mhasibu mwenye majedwali mapana au mhariri wa video anaweza kufanya nayo kazi nzuri sana. Lakini kioo hicho kina upana wa sentimita 95. Mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka hapo atageuza shingo siku nzima, na ukingo wa juu utakuwa juu ya macho yake, mahali ambapo shingo haipendi. Inahitaji sentimita 90 hivi, wakati meza nyingi za nyumbani zina kina cha 60, na miguu ya runinga inachukua sehemu yake. Inahitaji pia kompyuta inayoweza kuilisha. Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililo kwenye kompyuta mpakato nyingi za zamani, hutoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na kipanya kinaruka badala ya kuteleza. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo linalofikisha 60. Ni mara chache runinga ya 4K na kompyuta ya mtumba kuelewana tangu siku ya kwanza.

Suala la matundu linastahili kuangaliwa kabla ya kuondoka nyumbani. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoingia kama mtumba, kwa mfano Dell OptiPlex 7010, zina VGA na DisplayPort bila HDMI. Runinga za kawaida hazina DisplayPort, na mpya nyingi zimeacha VGA. Adapta itahitajika, wakati monita ya umri mmoja na kompyuta hiyo huchomekwa bila maneno. Umeme nao una hesabu yake: monita ya inchi 24 hula takriban wati 20, runinga kubwa ya 4K inaweza kula mara nne ya hizo, na kwenye steshenari inayofungua saa nane kwa siku ni tofauti ya karibu nusu uniti ya LUKU kila siku kwa kioo kimoja. Umeme ukikatika na kurudi, monita huamka mara inapopata picha ya kompyuta; runinga nyingi husubiri mtu atafute rimoti. Runinga za OLED, zenye weusi wa kupendeza kuliko zote, zina hatari ya kubaki na alama pale kitu kisichosogea, kama upau wa chini wa Windows, kinapokaa mahali pamoja kwa maelfu ya saa.

Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya kusoma na kuandika mezani aende dukani na kompyuta mpakato na waya wake. Amwombe muuzaji atoe ile flashi yenye samaki na maporomoko. Afungue ukurasa wa maandishi madogo meusi, kisha aandike mstari mmoja mwekundu juu ya bluu. Aangalie pembe zote nne kama zimetimia, azungushe kipanya, aulize namba za nukta na kuzisoma mwenyewe kwenye lebo ya nyuma au kwenye mipangilio ya kompyuta. Ile monita ya sakafuni nayo iwashwe, na ifanyiwe vilevile. Asivipime vioo hivyo akiwa amesimama kwenye ujia wa duka, maana pale kila runinga ni nzuri. Aombe kiti, akae karibu kiasi cha kuweza kukigusa kioo kwa ncha za vidole, na asome ukurasa mzima mpaka mstari wa mwisho.